Jedwali la ukweli lina kazi gani kwa mwanafalsafa?

Anayekwenda Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kusoma falsafa huwa na hamu ya kujadili haki, ujamaa na kuwapo kwa Mungu. Akipangiwa mantiki rasmi, yenye p, q, mishale na majedwali ya ukweli (yanayoonyesha lini kauli ni kweli na lini ni uongo), anaona amerudishwa kwenye hesabu, na huenda alichukua mchepuo wa HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) ili azikimbie. Anauliza: haya yananihusu nini?

Chukua hoja ya kale: kila kitu kina chanzo, kwa hiyo kuna chanzo kimoja cha vitu vyote. Ukiisikia haraka, inapita. Sasa liache umbo lake lilivyo, badilisha maneno tu: kila abiria wa daladala hii ya Mbagala ana mama, kwa hiyo kuna mama mmoja aliyewazaa abiria wote. Hapo hata konda atacheka. Kosa limejificha kwenye mpangilio wa "kila" na "kuna", na mantiki ya Aristotle, pamoja na kutawala kwa zaidi ya miaka elfu mbili, haikuwa na njia nzuri ya kulianika. Njia hiyo aliileta Mjerumani Gottlob Frege mwaka 1879. Asiyeijua anaweza kubishana juu ya chanzo cha ulimwengu muhula mzima asione ufa ulipo.

Ila hoja ikivunjika, hitimisho halijawa uongo; Mungu anaweza kuwapo hata kama hoja hii ni mbovu. Wabishi wa vijiweni hulisahau hilo, na baadhi ya wahitimu pia.

Wanaolipinga somo hili nao wana lao, tena zito. Mantiki rasmi haikuambii kama madai unayoanzia ni ya kweli. Azimio la Arusha la 1967 linakataa kuifanya fedha kuwa silaha kuu ya maendeleo kwa nchi maskini. Ugomvi wa maana uko hapo hapo, kwenye dai lenyewe, na utaamuliwa kwa historia na uchumi. Jedwali halina la kusema.

Halafu kuna "ikiwa... basi" ya darasani. "Ikiwa Dar es Salaam iko kando ya Ziwa Victoria, basi mimi ni Sultani wa Zanzibar" huhesabiwa kauli ya kweli, kwa sababu tu sehemu yake ya kwanza ni uongo. Mwalimu akijibu kwamba ndiyo kanuni, ikariri, mwanafunzi ana haki ya kununa. Wanafalsafa wenyewe bado wanabishania kanuni hiyo, na ubishi huo ni falsafa tosha. Kuuficha ndiko kunakofanya somo lionekane la kukariri.

Wala mvutano huu juu ya mantiki si mgeni, hata kwa wanazuoni wa Kiislamu. Al-Ghazali, aliyefariki 1111, alikifungua kitabu chake cha misingi ya sheria ya Kiislamu kwa utangulizi wa mantiki. Ibn Taymiyya, aliyefariki 1328, aliandika kuwapinga wanamantiki.

Kwangu mimi, somo libaki la lazima, walau muhula mmoja, ila mtihani ubadilike. Mpe mwanafunzi aya ya hotuba ya Bungeni, achambue madai na hitimisho, aandike kwa alama pale tu alama zinapofichua kitu, kisha aeleze ni nini kilichopotea alipoyageuza maneno kuwa alama. Hilo la mwisho ndilo ningelipa alama nyingi zaidi.