"Usitupe, itakuja kufaa"

Hakuna maneno yanayonichosha nyumbani kama hayo. Itafaa lini? Nina maboksi ya kaseti chini ya kitanda, C60 na C90, yaani za dakika 60 na 90, nyingi nilizirekodi redioni enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD), kidole juu ya kitufe, nikiomba mtangazaji asiongee juu ya muziki. Aliongea, kila mara. Sasa redio kaseti yenyewe mkanda wake wa mpira umelegea, nyimbo zinaburuta kama mlevi anayerudi kwake, na unyevu huu wa Dar umeshaotesha ukungu kwenye tepu.

Nikatoa maboksi barazani ili yaondoke. Ghafla kila mtu ana uchungu nazo! Mke wangu, anayezilalamikia mwaka mzima, anauliza, "Hata ile ya harusi?" Shemeji anasema wazungu wananunua vitu hivi kwa bei. Wazungu gani, hataji. Mtoto asiyejua hata upande A ni nini anataka "ziwe kumbukumbu". Ila kuzihamishia chumbani kwake, hataki mtu.

Halafu mbwa. Popi kajilaza ndani ya boksi, ukilisogelea ananguruma, na tepu ya kaseti moja ameshaivuta mpaka getini. Wote wakacheka: "Umeona? Hata Popi hataki zitupwe." Jamani, Popi anatafuna kandambili! Tangu lini akawa mshauri wa mali za nyumba hii?

Akipita tu mnunuzi wa chuma chakavu, redio inaondoka, kaseti juu yake kama nyongeza. Mwenye uchungu amkimbilie.