Sifa ya mbegu na ushahidi wa mwenye mbwa

Mtu akisema anafuga Rottweiler, swali la kwanza analoulizwa ni kama anauma. Akisema anafuga Labrador, anaulizwa jina lake. Mbwa wenyewe hawajaonekana bado, lakini mmoja tayari ana kesi ya kujibu na mwingine ameshapata marafiki.

Wenye mbwa wakikutana, mazungumzo hayachukui muda kufika hapo. Upande mmoja unashikilia kwamba hakuna mbegu mbaya, kuna malezi mabaya tu, na ushahidi wake ni mbwa aliyelala sebuleni: pit bull wa miaka minane aliyekua na watoto na hajamgusa mtu. Upande wa pili unasema damu ni damu, nao una ushahidi wake: mbwa wa jirani, aliyelelewa vizuri vilevile, ambaye siku moja aliumiza mtu vibaya. Kila upande una ukweli wake. Kinachonisumbua ni jambo ambalo pande zote mbili huliruka: sifa ya mbegu ndiyo inayoamua kisa gani kitasimuliwa na kipi kitanyamaziwa, kisha visa vilivyochujwa hivyo vinaletwa mezani kama ushahidi wa sifa ileile.

Mchukue mbwa anayelinda chakula chake. Mambo huanza kabla ya mngurumo. Mtu anapita karibu na bakuli. Mbwa anaacha kutikisa mkia, mwili unakakamaa, kichwa kinazama bakulini na kasi ya kula inaongezeka. Jicho linamfuata mpitaji bila kichwa kugeuka, mpaka weupe wake unaonekana pembeni. Akisogea hatua nyingine, midomo inakunjamana na sauti inatoka kifuani. Tabia hii ipo kwa mbwa wa kila mbegu. Lakini akiwa Golden Retriever, mwenyewe atasimulia huku akicheka kwamba huyu kwenye chakula hana udugu. Akiwa pit bull, jirani atalieleza tukio hilohilo kama dalili ya maafa, na mwenyewe hatalitaja kabisa, kwa sababu anajua kila neno lake litatumiwa dhidi ya mbwa wake na mbwa wote wanaofanana naye. Kwa hiyo tunabaki na Golden asiye na kosa na pit bull ambaye ama ni malaika au ni muuaji. Habari ya kweli, kwamba wote wawili wanahitaji kufundishwa jambo moja, imepotea njiani.

Mbwa wadogo ndio wanaofaidika zaidi na mchujo huu. Chihuahua akimrukia mgeni kifundoni, hunyanyuliwa, hukumbatiwa kifuani, na watu hucheka. Hakuna anayeandika ripoti. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walichapisha uchambuzi wa majibu ya maelfu ya wenye mbwa waliojaza dodoso linaloitwa C-BARQ, na Chihuahua na Dachshund wakaonekana kuwa juu ya wastani kwa ukali dhidi ya watu na dhidi ya mbwa wengine. Akita na pit bull walijitokeza zaidi kwa ukali dhidi ya mbwa wenzao. Matokeo hayo yaliwashangaza wengi, ingawa waliotoa habari ni wenye mbwa walewale ambao, wakipiga soga, husema mbwa wao hana shida. Tofauti ilikuwa kwenye swali. Dodoso halimuulizi mtu kama mbwa wake ni mzuri. Linamuuliza mbwa hufanya nini mgeni anapoingia mlangoni, anapoguswa akiwa anakula, anapokutana na mbwa asiyemfahamu akiwa kwenye kamba.

Hata hivyo, upande unaosema kila kitu ni malezi unakosea, na ni kosa lenye madhara. Tabia hurithiwa. Mwaka 1959 mtaalamu wa vinasaba Dmitry Belyaev alianzisha Siberia jaribio la kuzalisha mbweha kwa kuchagua wale tu walioonyesha woga mdogo mbele ya binadamu, na baada ya vizazi vichache wakapatikana mbweha waliotikisa mikia watu walipowakaribia. Mbwa wamepitia uteuzi wa namna hiyo kwa muda mrefu zaidi. Mtoto wa Border Collie, mbegu ya kuchunga kondoo, ambaye hajawahi kuwaona kondoo hujiinamisha, hukodoa macho na kunyemelea chochote kinachokimbia, na kama ndani ya nyumba kinachokimbia ni watoto, atawafukuzia visigino. Hakuna aliyemlea vibaya. Amefanya kazi aliyozaliwa nayo, mahali ambapo kazi hiyo haipo. Malinois, mbegu ya mbwa wa kazi wanaotumiwa sana na polisi, anayefungiwa nyumbani kutwa nzima huishia kurarua makochi, kuzunguka bila kutulia na kubwekea kila kivuli, na familia iliyoambiwa kwamba mbwa yeyote analeleka popote hubaki ikijilaumu. Anayeumia zaidi ni mbwa, ambaye mara nyingi hurudishwa alikotoka au kutelekezwa.

Swali la maana zaidi ni mbegu inatuambia kiasi gani kuhusu mbwa mmoja aliye mbele yetu. Hapa utafiti umefika mahali pazuri. Uchambuzi wa mwaka 2019, uliohusu mbwa zaidi ya 14,000 wa mbegu 101, ulionyesha kwamba wastani wa tabia hutofautiana kati ya mbegu na mbegu, na kwamba sehemu kubwa ya tofauti hizo inaendana na vinasaba. Miaka mitatu baadaye, jarida la Science lilichapisha utafiti uliotumia majibu kuhusu mbwa 18,385, ambao 2,155 kati yao walipimwa vinasaba, wakiwemo machotara wengi. Huko mbegu ilieleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Utayari wa kufuata maelekezo ya binadamu ulihusiana na mbegu kuliko tabia nyingine. Wepesi wa kuchokozeka, yaani jambo hasa ambalo watu huogopa, ulihusiana nayo kidogo sana.

Matokeo haya mawili hayapingani. Wastani wa kundi unaweza kuwa tofauti huku mbwa ndani ya kila kundi wakitofautiana kiasi kwamba jina la mbegu halikusaidii sana kumjua yule mmoja. Anayenunua Labrador kwa sababu Labrador ni wapole ananunua uwezekano, wala hajapewa dhamana.

Hadi hapa mtetezi wa mbegu zinazoogopwa anaweza kufurahi. Lakini kuna hoja moja ambayo sijawahi kuona akiijibu sawasawa, nayo ni ya nguvu. Kuna mbwa mkali, na kuna mbwa ambaye akikosea mara moja madhara hayarekebishiki. Chihuahua akimng'ata mtoto mkononi, jeraha husafishwa na kufungwa. Mbwa wa kilo 50 mwenye taya pana, aking'ang'ania na kutikisa, anaweza kuua mtu mzima. Orodha ya vifo vilivyosababishwa na mbwa nchini Marekani kati ya 1979 na 1998 ina matukio 238 ambayo mbegu ilitajwa, na zaidi ya nusu yalihusisha pit bull na Rottweiler. Huwezi kulipuuza jambo hilo kwa kusema mbwa wako analala na paka.

Walioikusanya orodha hiyo walitahadharisha wenyewe kwamba hakuna hesabu ya kuaminika ya mbwa wa kila mbegu walioko majumbani, kwa hiyo haiwezekani kujua kiwango cha hatari kwa kila mbwa. Mbegu nazo mara nyingi zilitajwa kwa kutazama umbo, na macho hayaaminiki. Mwaka 2015 watafiti wa Florida walilinganisha makadirio ya wafanyakazi wa vituo vinne vya mbwa waliotelekezwa na vipimo vya vinasaba vya mbwa 120. Mbwa wengi walioitwa pit bull hawakuwa na damu hiyo, baadhi ya waliokuwa nayo hawakutambuliwa, na wafanyakazi wa kituo kimoja walimtazama mbwa yuleyule wakatoa majibu tofauti. Kama watu wanaoshughulika na mbwa kila siku hawakubaliani, shahidi aliyekuwa akikimbia atakuwa na uhakika gani?

Kisha kuna mwenye mbwa. Mtu anayetaka kutisha wengine hachagui Poodle. Huchagua mbegu yenye jina baya, humfunga mnyororo uani, humchokoza ili awe mkali, na mbwa huyo akiuma, jina la mbegu linazidi kuwa baya na kuvutia mwingine wa namna hiyo. Doberman walipitia hapo, Rottweiler wakafuata, sasa ni zamu ya pit bull na jamaa zake. Takwimu za kuuma huchanganya damu na mikono iliyoshika kamba, na sioni namna ya kuzitenganisha kwa kuhesabu majina ya mbegu peke yake.

Ndiyo maana sheria zinazotaja mbegu zimekuwa na historia yenye utata. Uingereza ilipitisha yake mwaka 1991 na kupiga marufuku aina nne: pit bull terrier, Tosa wa Japani, Dogo Argentino na Fila Brasileiro. Mbwa hupimwa kwa umbo, hata kama wazazi wake wanajulikana kuwa wa mbegu nyingine. Kati ya 1998 na 2018 kiwango cha watu waliolazwa hospitalini kwa kuumwa na mbwa nchini England kiliongezeka zaidi ya mara mbili. Uholanzi nayo ilikuwa na sheria yake dhidi ya pit bull tangu 1993, ikaamua kuachana nayo mwaka 2008 baada ya kuona idadi ya wanaoumwa haishuki.

Lakini wanaotetea marufuku wana jibu, na ni la haki kulisikiliza. Sheria hiyo haikukusudiwa kupunguza kila kidole kinachong'atwa. Ilikusudiwa kuzuia vifo. Vifo vilipoongezeka Uingereza mwaka 2022 na 2023, na kadhaa kati yake vikahusishwa na XL Bully, mbwa mkubwa mwenye misuli mingi, serikali ingewaambia nini wazazi wa waliouawa? Kwamba tusubiri utafiti? Kuanzia tarehe 1 Februari 2024 kumiliki mbwa huyo England na Wales bila cheti cha msamaha ni kosa, na mwenye cheti hulazimika kumhasi, kumwekea chipu ya utambulisho, kumkatia bima, na kumtoa hadharani akiwa na kamba na kifunga mdomo.

Ninaelewa uamuzi huo, na bado naona umelenga pembeni. Masharti yenyewe ni mazuri, ila yangefaa yamfuate mbwa yeyote mkubwa ambaye mwenendo wake umeanza kutia shaka, pamoja na mwenye mbwa ambaye ameshapewa onyo. Anayezalisha mbwa kwa ajili ya misuli na fedha hazuiwi na orodha. Hubadilisha jina na kuendelea. XL Bully walitokana na damu ya pit bull, na walienea katika nchi ambayo pit bull walikuwa marufuku tangu 1991.

Kuna kisa ambacho kila mwenye msimamo mkali, wa upande wowote, angepaswa kukifikiria. Mwaka 2007 mchezaji wa mpira wa Marekani, Michael Vick, alikiri kosa katika kesi ya kupiganisha mbwa, na pit bull wapatao hamsini walikuwa wameshachukuliwa kutoka kwenye shamba lake. Kawaida ya wakati ule ilikuwa kuwaua wote. Safari hii mahakama iliruhusu kila mmoja apimwe peke yake. Wengi walionekana kufaa kuishi. Baadhi waliingia kwenye familia, na 22 walipelekwa kwenye hifadhi moja Utah kwa uangalizi wa muda mrefu, kwa kuwa baadhi yao hawakuwa tayari kwa nyumba ya kawaida. Damu moja, mateso yaleyale, na majibu tofauti kwa kila mbwa.

Kwa hiyo mtu anayetaka kujua kuhusu mbwa apate ushahidi wa namna gani kwa wenye mbwa? Aulize yale yanayoonekana. Mama yake anapokeaje wageni? Kati ya wiki ya tatu na ya kumi na nne, kipindi ambacho mtoto wa mbwa huzoea dunia, aliona watu wangapi, watoto, magari, mbwa wengine, au alifungiwa bandani? Anapokumbatiwa na mtoto hufanya nini: hulegea, au hugeuza kichwa, hulamba midomo na kupiga mwayo asio na usingizi? Alinguruma lini mara ya mwisho, na aliyekuwepo alifanya nini?

Hilo swali la mwisho ndilo ningelikazania kuliko yote. Baada ya mbwa kuuma, maneno yanayosikika zaidi kutoka kwa mwenyewe ni kwamba ameuma ghafla, hakuwahi kuonyesha dalili. Wanaofanya kazi ya kurekebisha tabia za mbwa huketi na mtu huyo na kumrudisha nyuma taratibu, wiki kwa wiki. Mara nyingi hapo ndipo habari inapotoka: mbwa alikuwa akinguruma watoto walipokaribia kitanda chake, na kila aliponguruma alipigwa, mpaka akaacha. Mngurumo ulinyamazishwa, na kilichousababisha kikabaki palepale. Kisa hicho nakisikia kwa wenye Labrador kama ninavyokisikia kwa wenye pit bull.