Waume Zangu Watatu na Sumaku ya Kinyume

Naitwa Greeny. Mimi ni gitaa la umeme, Gibson Les Paul Standard, mzaliwa wa Kalamazoo, Michigan, mwaka 1959. Namba yangu imegongwa kwa wino nyuma ya kichwa: 9 2208. Naanza na namba kwa sababu wanaojidai kuwa mimi ni wengi, na dalali asiyekagua namba atakuoza mke wa mwenzio.

Jina lisikuchanganye, sina kijani hata chembe. Mwili ni mahogani, uso ni mti wa mepo uliopakwa umanjano katikati na wekundu pembeni, na wekundu wenyewe ulishapauka kwa mwanga, nimebaki rangi ya asali. Jina ni la mume wangu wa kwanza, mpiga gitaa Peter Green. Nimeolewa tena na tena baada yake, na hakuna aliyethubutu kulibadilisha.

Enzi za ujana wetu hatukuwa na soko. Mwaka 1959 kiwanda kilitoa wa aina yangu mia sita na ushee, na kufikia 1961 kilikuwa kimeliacha umbo letu na kuleta jembamba lenye pembe mbili. Katikati ya miaka ya 1960 nilikuwa dukani London, mtumba, bei pauni mia na kitu. Ya kabla ya hapo nimeyastiri. Green akanichukua, tukaenda wote kwenye bendi ya bluzi ya John Mayall, kisha 1967 akaanzisha bendi yake, Fleetwood Mac.

Sasa sikilizeni yaliyonikuta. Nina pikapu mbili, yaani vinasa sauti vya sumaku na koili za waya vinavyokaa chini ya nyuzi: moja shingoni na moja darajani, pale nyuzi zinapoegemea mwilini. Ya shingoni ilifunguliwa, na iliporudishwa ikarudi imegeuka: safu ya skrubu sita, ambayo kwa kawaida hutazama shingo, sasa inatazama daraja. Kumbe na sumaku ya ndani nayo imekaa kinyume. Mkono ulionitenda siutaji. Mimi mtu mzima, najua kustiri.

Swichi ikiwa juu, inalia ya shingoni peke yake, na hata mkwe hagundui kitu. Ikiwa chini, inalia ya darajani peke yake, salama salimini. Iweke katikati, zote mbili zilie pamoja, uone kasheshe! Moja inasukuma, nyingine inavuta. Besi na sauti za kati, ambazo pikapu zote huzisikia karibu sawasawa, zinafutana. Zinazopona ni zile nyembamba za juu, kwa kuwa kila pikapu inausikiliza uzi mahali pake. Nikawa nalia puani kama mwenye mafua. Gitaa jingine lingerudishwa kwa fundi siku hiyohiyo. Bwana yule akanipenda zaidi! Akawa anapunguza volyumu ya pikapu moja kidogo tu, besi inarudi nusu, mafua yanabaki nusu, na watu wanalia machozi ukumbini.

Kichekesho kikawa kwa vijana. Waliona pichani skrubu zangu zinatazama daraja, wakafungua pikapu zao wakazigeuza. Wapi! Kuigeuza pikapu nzima hakupindui chochote. Koili zote mbili zimehama na sumaku yao, kilichobadilika ni koili ipi iko karibu na daraja. Siri iko tumboni, kwenye sumaku.

Anayeutaka ugonjwa wangu na aufanye kwa adabu. Legeza nyuzi, fungua fremu ya pikapu (skrubu nne), itoe. Kava, kifuniko chake cha chuma, imeshikwa na lehemu sehemu mbili. Ipashe moto, usiibandue kwa bisibisi, maana waya wa koili ni namba 42, mwembamba kama unywele, ukiugusa vibaya umekatika na pikapu imekufa. Chini ya bamba la kitako cha pikapu kuna skrubu nne ndogo za shaba. Zilegeze, usizitoe, sumaku itateleza nje kwa ubavu. Ni kipande bapa, urefu kama sentimita 6, na kaskazini na kusini yake ziko kwenye kingo mbili ndefu, wala si kwenye ncha. Weka alama ya kalamu kwenye ukingo ulio karibu na skrubu kabla hujaitoa, kisha irudishe alama ikiwa upande wa pili. Ukiibingirisha kwa urefu wake, kingo zinabadilishana. Ukiizungusha nusu duara juu ya meza, zinabadilishana pia. Ukifanya yote mawili umerudi ulikotoka, na utashinda umeinamia amplifaya ukitafuta mafua ambayo hayapo.

Atakayekuja na njia ya mkato ya kubadilishana nyaya mbili, mfukuzeni. Pikapu za zama zangu zina waya mmoja tu ndani ya ganda la nyaya za kusuka, na ganda hilo limeungwa na bamba na kava. Ukizibadilisha, kava yenyewe inageuka kuwa njia ya sauti, na kila ukiigusa inanguruma.

Turudi kwenye ndoa. Green aliachana na Fleetwood Mac mwaka 1970, akawa hataki mali. Akaniazimisha kwanza (ndiyo, niliazimwa!) kwa kijana wa Belfast, mpiga gitaa Gary Moore, kisha akamwambia: uza gitaa lako, mahari ni utakachopata. Moore akauza gitaa lake la SG, lakini Green akachukua tu kiasi kilekile cha kama pauni mia na ushee alichonilipia mwenyewe. Kwa Moore nilikaa zaidi ya miaka 30. Na mwaka 1995 mume huyo wa pili akarekodi albamu nzima ya kumsifu mume wa kwanza, akinitumia mimi. Nilitazama chini tu.

Mwaka 2006 Moore akaniuza, nikaingia mikononi mwa madalali na matajiri wa kukusanya. Hiyo siiiti ndoa, naiita eda. Ikaisha 2014, Kirk Hammett, mpiga gitaa wa bendi ya Metallica, aliponichukua. Mtaani walitaja dola milioni mbili; bwana mwenyewe amesema hakulipa hizo. Shingo nimeshavunjika nikaungwa, vitufe vya volyumu na toni havifanani, na bado bei ni hiyo. Wenzangu wazima wasio na kovu wananitazama vibaya.

Kelele za mume wa tatu nimezizoea. Februari 2020 akanipeleka London Palladium, kwenye usiku wa kumuenzi Green, nikalia puani mbele ya watu kwa heshima zote.

Mwaka 2023 Gibson walitoa mabinti zangu, nakala kamili hadi sumaku ya kinyume. Ukimnunua mmoja ukampeleka kwa fundi, mwambie mapema kwamba ndivyo alivyozaliwa. Fundi hodari asiyeambiwa atamponya, na atakutoza.