Kumbukumbu za gari langu zikae nyumbani kwangu

Taa ya injini ikiwaka, wengi wetu tunajua kitakachofuata. Fundi anachomeka mashine yake kwenye ile soketi ya pini 16 chini ya usukani, anasoma kodi, yaani namba ya hitilafu ambayo kompyuta ya gari imeiandika, anaifuta, unalipa, unaondoka. Taa imezimika, roho imetulia. Mimi utaratibu huu naupinga, kwa sababu unafuta kitu cha thamani kuliko kodi yenyewe. Hitilafu inapotokea, kompyuta ya gari huweka hali ya wakati ule: mwendo, mizunguko ya injini, joto la maji, mzigo uliokuwepo. Ukifuta kodi, na hayo yanakwenda. Gari likirudi gereji baada ya wiki mbili, fundi anaanza kubahatisha upya, na kubahatisha kwake kunalipiwa kwa vipuri unavyonunua wewe.

Dawa yake ninayoiamini ni mwenye gari kuwa na seva yake mwenyewe nyumbani, inayopokea na kutunza vipimo vya gari kila linapotembea.

Neno seva lisimtishe mtu. Laptop ya zamani yenye mfumo wa Linux inatosha kabisa, na kwetu ina faida ambayo kompyuta ndogo kama Raspberry Pi haina: umeme ukikatika, betri yake inaibeba. Kwenye soketi ile ya gari unachomeka ELM327, kifaa kidogo kinachosoma vipimo na kuvipeleka kwenye simu kwa Bluetooth, na kwenye simu ya Android unaweka programu ya Torque Pro. Programu hiyo ina mahali pa kuandika anwani ya seva yako, kisha inatuma vipimo kama ombi la kawaida la wavuti: kc ni mizunguko ya injini, kd ni mwendo, k5 ni joto la maji. Seva inaandika kwenye hifadhidata na kujibu "OK!", basi. Anayejua kidogo lugha za kuandikia programu kama PHP au Python anaweza kuandika kipokezi hicho mwenyewe. Asiyejua atachukua Open Torque Viewer, programu iliyokwisha kuandikwa, ambayo ni huria. Vipimo vikiingia mara moja kwa sekunde, saa moja ya barabarani ni mistari 3,600, mzigo ambao hata hifadhidata nyepesi kama SQLite inaubeba bila taabu.

Faida inaanza kuonekana miezi ikipita. Chukua kipimo cha marekebisho ya mafuta. Kompyuta ya gari inasoma sensa ya oksijeni kwenye eksozi, kisha inaongeza au kupunguza petroli ili mchanganyiko na hewa uwe sawa. Marekebisho ya muda mrefu yakicheza karibu na sifuri, injini iko vizuri. Yakipanda taratibu, asilimia 5, kisha 9, kisha 14, kuna kitu kinaharibika, na taa bado haijawaka kwa sababu kompyuta nyingi huvumilia hadi 20 hivi au zaidi ndipo zitoe kodi ya P0171, yaani petroli ni kidogo mno kwa hewa iliyopo. Mtu mwenye kumbukumbu anaona mapema, tena anaona mengi zaidi ya kodi. Marekebisho yakiwa juu gari likiwa limesimama linaunguruma, halafu yakashuka mwendo ukiongezeka, shuku hewa inayopenya kwenye mpira uliopasuka baada ya sensa inayopima hewa inayoingia kwenye injini. Yakipanda pale unapokanyaga mafuta mlimani, shuku pampu au chujio la petroli. Ni kodi moja, lakini matengenezo mawili tofauti kabisa, na gharama zake hazifanani hata kidogo.

Joto la maji nalo ni hivyo hivyo. Anayepanda Kitonga mara kwa mara kwenda Iringa anaweza kulinganisha mlima uleule, mwezi kwa mwezi. Kama kila safari joto linazidi kidogo kwa mwendo uleule, rejeta inaziba au feni imechoka, na ni heri kulijua hilo ukiwa nyumbani kuliko kulijua gari likichemsha katikati ya kona huku malori yamekufuata nyuma.

Kwa nini basi nisitumie huduma ya kampuni inayonihifadhia yote haya kwenye seva zake? Kwa sababu vipimo hivi vinaeleza maisha yangu. Latitudo na longitudo zinaweza kwenda kwenye ombi lilelile lenye joto la maji. Mwenye kuzisoma anajua ninapolala, ninaposali na saa ninayotoka. Machi 2024 gazeti la The New York Times lilieleza jinsi taarifa za uendeshaji za wateja wa General Motors zilivyofika kwa madalali wa taarifa, LexisNexis akiwemo, na kutoka hapo kwa kampuni za bima. Januari 2025 tume ya biashara ya serikali ya Marekani, FTC, ilitangaza amri ya kuizuia kampuni hiyo kwa miaka mitano isitoe taarifa kama hizo kwa wakusanyaji wa aina hiyo. Nikilitazama jambo hilo, sioni sababu ya kumkabidhi mtu mwingine kitu ninachoweza kukitunza mwenyewe.

Lakini seva ya nyumbani iliyoachwa wazi kwenye intaneti ni mbaya kuliko ya kampuni. Usifungue mlango (port) kwenye ruta yako ili seva ifikiwe kutoka nje. Mitandao yetu mingi ya simu haikupi hata anwani yako ya pekee, kwa hiyo njia nzuri ni handaki la WireGuard, yaani njia ya siri iliyofungwa kati ya simu na seva yako, kupitia seva ndogo ya kukodi, au Tailscale, huduma inayokutengenezea handaki kama hilo. Kifaa nacho kichomoe ukiegesha: pini ya 16 ina umeme wa betri muda wote, na vingi vya bei rahisi vinafunguliwa kwa namba ya siri 1234 na yeyote aliye karibu. Pia, magari mengi ya soko la ndani la Japani ya miaka ya 1990 yana soketi ileile lakini kompyuta zake zinatumia lugha nyingine ambayo kifaa huenda kisiielewe, kwa hiyo jaribu kwa kifaa cha kuazima kabla ya kununua.

Kwa mafundi wetu, ninaowaheshimu, nina ombi moja. Kabla hujabonyeza kufuta, mpigie picha mteja wako kioo cha mashine, kodi pamoja na vipimo vyake vyote, umtumie kwenye simu.