Wapangaji Wasiolipa Kodi

Juzi usiku wali ulibaki nusu sufuria. Friji ninayo, lakini stima ilikuwa imepotea tangu saa moja, kwa hivyo nikaufunika kwa sahani nikalala. Saa kumi na mbili asubuhi nikaupasha mpaka ukafuka moshi, nikala na chai. Saa mbili niko Jogoo Road, foleni haisongi, wali unadai kurudi ulikotoka. Niliomba mfuko kwa makanga. Akanitoza shilingi kumi za mfuko.

Jioni naugulia pale kwenye ngazi, binti wa jirani, yuko kidato cha pili, akanipa pole na somo.

"Baba Mumbi, huyo atakuwa bakteria anayeitwa Bacillus cereus. Wali ukichemka yeye hafi, anajifungia ndani ya spora, kama ganda gumu. Ukipoa anaamka, anazaana. Na kuna sumu anayoacha ambayo hata upashe mpaka sufuria iungue, haitoki."

Kuzaana kwenyewe! Anasema kuna bakteria wanaogawanyika kila dakika 20 wakipata mahali pazuri. Mmoja akianza saa mbili usiku, saa tisa wameshapita milioni 2. Mimi nina watoto watatu tu, na mwenye nyumba kila mwezi ananiuliza mbona maji yanaisha haraka.

Nikasema kesho nanunua antibiotiki, nafukuza wote. Binti akacheka. Eti mwilini mwangu wamo kama trilioni 38, karibu sawa na seli zangu mwenyewe, wengi wao utumbo mpana, na wengine wananitengenezea vitamini K. Yaani nusu ya abiria wa kile kiti si mimi! Naomba makanga asiisikie hii.

Na hakuishia hapo. Maharagwe yangu ya githeri? Bakteria wamejenga vinundu kwenye mizizi, wanavuta nitrojeni hewani na kuulisha mmea. Ng'ombe? Peke yake nyasi zingemshinda. Wa tumboni ndio wanaozivunja. Hata oksijeni, walioanza kuijaza hewani ni bakteria, zaidi ya miaka bilioni 2 iliyopita. Ya Jogoo Road imechanganywa na moshi, lakini hiyo si kazi yao.

Mama Mumbi akaniwekea ugali na kikombe cha mala, maziwa yaliyochachushwa na bakteria. Nikakitazama sana.

"Humu wamo wangapi?"

"Kunywa, ugali unapoa."