Atari ilipata sifa, Warshaw akapata lawama

Watu wakisimulia historia ya gemu huanza na Atari, na sina ugomvi na hilo. Nolan Bushnell na Ted Dabney waliianzisha California mwaka 1972, gemu yao ya Pong ikawapa umaarufu, na mwaka 1976 kampuni ya Warner ikainunua kwa dola milioni 28. Ila nikiambiwa nichague kampuni moja ya zama zile ya kuivulia kofia, nitaichagua Activision, tena kwa jambo lililokuwa nje ya gemu zenyewe: walimtaja mtunzi kwa jina.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kikatili. Mashine ya Atari iliyotoka mwaka 1977 ilikuwa na kumbukumbu ya baiti 128. Hujakosea kusoma, ni baiti. Meseji ya WhatsApp ikirefuka kidogo tu haienei humo. Picha nzima ya skrini haikuwa na pa kukaa, kwa hiyo programu ilibidi ichore mstari mmoja mmoja papo hapo televisheni inapouonyesha. Ikichelewa kidogo, picha inavurugika. Na mara nyingi wazo, michoro, sauti na programu vyote vilikuwa kazi ya mtu mmoja. Kisha gemu inakwenda dukani na nembo ya Atari, jina lake halipo popote.

Warren Robinett aliwajibu kwa ujanja ninaoupenda sana. Ndani ya gemu yake ya Adventure alificha kidoti kimoja cha kijivu, rangi ile ile ya sakafu, usiweze kukiona hata ukikodoa macho. Mchezaji akikiokota na kukifikisha panapotakiwa, anapenya ukuta na kuingia chumba kilichoandikwa kwamba gemu hii imetengenezwa na Warren Robinett. Aliacha kazi mwaka 1979 bila kumwambia bosi yeyote. Waliokuja kuifichua siri ni wachezaji.

Wenzake wanne, David Crane, Alan Miller, Bob Whitehead na Larry Kaplan, walikwenda kudai uso kwa uso. Kwa masimulizi ya Crane, idara ya masoko ilisambaza waraka wa mauzo ya kila gemu. Wakapiga hesabu wakakuta kwamba gemu zao wanne peke yao zimeleta zaidi ya nusu ya mauzo ya kaseti, na wao wanalipwa mshahara wa kawaida. Ray Kassar, mkuu wa kampuni aliyetokea kwenye viwanda vya nguo, akawajibu kwamba hawana umuhimu kumzidi mfanyakazi anayeunganisha kaseti kiwandani. Mwaka huo huo wa 1979 wakaondoka, Activision ikazaliwa, ikiongozwa na Jim Levy, mtu wa biashara ya muziki. Hapo ndipo penye siri. Levy alikotoka, jina ndilo linalouza. Hata huku kwetu kwenye Bongo Fleva, mtayarishaji hujitangaza kabla msanii hajafungua mdomo.

Atari wakawashtaki, na kesi ikamalizwa kwa makubaliano mwaka 1982. Mwaka huo huo Crane akatoa Pitfall!, msitu wenye skrini 255 ndani ya kaseti ya kilobaiti 4. Skrini hizo hakuzihifadhi. Aliandika kanuni fupi, baiti kama 50 hivi, inayoizalisha kila skrini kutokana na namba ya iliyotangulia. Zikauzwa nakala zaidi ya milioni 4.

Sisemi walikuwa malaika. Mlango walioufungua, wa kampuni ya nje kutengeneza gemu za mashine ya Atari, uliingiza kila aliyedhani gemu ni pesa ya haraka, maduka yakajaa takataka, na mwaka 1983 soko la Marekani likaporomoka. Lakini tazama lawama zilimwangukia nani. Howard Scott Warshaw alipewa kama wiki tano tu atengeneze gemu ya filamu ya E.T. iwahi Krismasi ya 1982. Wiki tano! Ratiba hiyo waliipanga wakubwa. Kaseti nyingi zikaishia kufukiwa jalalani Alamogordo, New Mexico, zikaja kufukuliwa mwaka 2014, na hadi leo ukitaja gemu mbaya kuliko zote, jina linalotajwa ni la Warshaw. Wachache wanakumbuka kwamba ndiye aliyetunga Yars' Revenge, gemu nzuri kweli kweli. (Yar, isome kinyumenyume, unapata Ray, jina la bosi Kassar.)

Uchoyo ule haujaisha. Hadi leo zipo studio ambazo mtu akitumikia gemu kwa miaka kisha akaondoka kabla haijatoka, jina lake linaachwa nje ya orodha ya waliohusika. Wao wanaiita sera. Mimi naiita dhuluma. Chama cha watengenezaji gemu cha kimataifa, IGDA, kina mwongozo wa namna ya kuwataja watu, ila hakuna anayelazimika kuufuata. Maduka ya gemu ya mtandaoni ndiyo yenye nguvu ya kulazimisha: yadai orodha kamili ya majina kabla ya kuipokea gemu yoyote, kama yanavyodai picha na bei.