Kaskazini kwanza, kamera baadaye

Picha nyingi za majengo yasiyojengwa bado zina jua la uongo. Sebule imejaa mwanga wa dhahabu wa jioni, vivuli vya dirisha vimelala sakafuni, mteja anatabasamu na kutia saini. Kumbe dirisha lile linatazama upande ambao jua la jioni halifiki kamwe. Mchoraji alilizungusha jua mpaka picha ikapendeza. Huko ni kumuuzia mtu mbuzi kwenye gunia, na sioni sababu ya kukuita ufundi.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba kuliweka jua sawasawa si kazi kubwa. Ugumu upo kwenye kaskazini, kwa sababu haipo moja. Wasanifu hupenda kulinyoosha jengo lilingane na kingo za karatasi, kisha mtu mwingine anadhani juu ya karatasi ndiko kaskazini. Revit, programu ya kuchorea modeli za majengo, angalau hutenganisha kaskazini ya mradi, yaani ile ya karatasi, na kaskazini halisi. Programu nyingine zinakuachia mwenyewe ukumbuke. Halafu ipo kaskazini ya dira, inayofuata sumaku ya dunia. Hiyo hupishana na kaskazini halisi kwa kiasi kinachotofautiana mahali na mahali, tena hubadilika mwaka hadi mwaka. Ukiisahihisha kwa kuzungusha upande usio wake, kosa linakuwa maradufu.

Baada ya hapo jaza kwenye programu mahali penyewe jengo litakaposimama, usikubali mji uliokuja na programu. Tarehe 21 Desemba, jua la adhuhuri London huwa nyuzi 15 tu juu ya upeo wa macho, na ukuta wa mita 10 hutupa kivuli cha mita 37 hivi. Juni kivuli hichohicho hakifiki mita 6. Kwenye ikweta mambo ni mengine kabisa: Juni jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini, Desemba upande wa kusini, kila mara likiwa nyuzi 66 na ushei. Anayechora jengo la ikweta huku jua likipiga upande wa kusini tu mwaka mzima atakosea upana wa vibaraza vya kukinga jua, na hapo tumeshatoka kwenye urembo wa picha.

Saa nayo ina hila zake. Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa, lakini mipaka ya kanda za saa huchorwa na serikali. Kwa saa rasmi, China nzima ni kanda moja tu, hivyo Kashgar, magharibi kabisa, jua hufika kilele karibu saa tisa alasiri. Nchi zinazosogeza saa wakati wa kiangazi huongeza mkanganyiko mwingine, na si kila programu inalishughulikia hilo bila kuambiwa.

Na picha za anga za HDRI, zile halisi za mbingu zinazozungushiwa modeli ili ziiangaze! Nazipenda, mawingu yake hayana mfano. Ila jua lililomo lilipigwa picha mahali fulani, saa fulani. Ukiizungusha unabadili upande linakotokea. Kimo chake kinabaki kilekile. Kwa picha inayodai kuonyesha kivuli cha kweli, tumia jua linalokokotolewa na programu, mawingu yabaki pambo.

Sisemi kila picha iwe hesabu. Mtu akitaka picha ya kuvutia hisia, achore machweo anavyopenda, mradi asiyahamishie kaskazini. Na chini ya picha aandike tarehe na saa. Wengi hukwepa hilo, nadhani kwa sababu maandishi hayo mafupi humwezesha yeyote kuhakiki.

Kuhakiki kwenyewe ni rahisi. Simamisha nguzo ya mita 1 kwenye modeli, tafuta katika kikokotoo cha jua cha NOAA, shirika la Marekani la bahari na angahewa, dakika ambayo jua hufika kilele mahali hapo siku hiyo, kisha tazama kivuli. Kisipolala sambamba na mstari wa kaskazini na kusini, rudi kwenye mipangilio kabla hujamtumia mteja chochote.